Moshi wa bani si moshi wa shamba

Mwezi wa tisa, barabara ya Tabora kwenda Urambo, jua la alasiri huwa jekundu na majivu ya nyasi hukuangukia begani. Wataalamu humnyooshea kidole mkulima kwamba anachafua hewa. Yeye hujibu: sina gari, sina kiwanda, hewa naichafua na nini?

Kila upande una hoja yake, ila wote huongea kana kwamba moshi ni mmoja.

Moto wa kusafishia shamba una sababu. Kiberiti ni rahisi kuliko vibarua, na majivu hurutubisha udongo walau msimu wa kwanza. Ubaya wake, moto haujui mpaka. Ukiingia kwenye msitu wa miyombo, mrina asali anakuta mizinga yake imebaki mkaa, na chembe laini za moshi huo hushuka mpaka ndani ya mapafu ya watu. Lakini kumkataza mtu kuchoma bila kumwambia shamba atalisafisha na nani, hayo ni maneno ya mkutanoni tu.

Bani, nyumba ya kukaushia tumbaku, ni habari nyingine. Tumbaku ya Tabora nyingi ni ile iitwayo ya mvuke: joto la kuni hupita ndani ya mabomba, moshi ukatokea nje bila kugusa jani. Yaani moshi ule haumpi mkulima chochote. Ni kuni zilizopotea. Tena tumbaku hukaushwa kuanzia Januari, mvua zikiwa zimepamba moto. Nenda usiku ukaone: kijana amechuchumaa mdomoni mwa tanuru, macho mekundu, anasukuma gogo bichi linalotoa povu kwenye ncha, kisha anainuka kuchungulia kipimajoto. Bani moja huchukua karibu wiki nzima. Mimi ningeanzia hapo: mabani yanayokula kuni kidogo, na kibanda cha kuhifadhia kuni zikauke kabla ya mvua. Ni gharama, kweli. Ila mnunuzi wa jani naye ashike upande mmoja wa gharama hiyo.

Upo na uchafuzi usio na moshi. Mbolea ya urea ikimwagwa juu juu, sehemu ya naitrojeni hupaa ikiwa amonia, na huko hewani huungana na gesi nyingine kuwa chembe laini vilevile. Hapa sioni ubishi wa pande mbili. Kuifukia ni kazi ya jembe na dakika chache kwa kila mstari, na kinachopaa ni sehemu ya mfuko ambao mkulima ameshaulipia.