Daraja la Portage: mbao zilihukumiwa kwa usiku mmoja

Habari za daraja la mbao la Portage, lililovusha reli juu ya mto Genesee katika jimbo la New York, Marekani, karibu kila mara huanzia mwisho wake: kabla ya mapambazuko ya 6 Mei 1875 lilishika moto, likateketea. Hukumu hufuata papo hapo. Eti wajenzi walikuwa wazembe: nani hupitisha injini zinazotema cheche juu ya mbao kavu?

Hoja hiyo ina uzito. Kampuni ya reli yenyewe iliweka mlinzi wa kuangalia moto, maana yake hatari ilijulikana. Na kwa kimo cha mita 71 hivi, moto ukishakolea, ndoo za maji zitafaa nini?

Lakini hebu tulitazame likiwa bado limesimama. Lilipofunguliwa mwaka 1852, lilihesabiwa miongoni mwa madaraja makubwa kabisa ya mbao duniani. Mhandisi wake, Silas Seymour, alilipanga hivi: kila boriti iweze kutolewa peke yake. Ikioza moja, mafundi wanalegeza bolti, wanaichomoa, wanaingiza mpya, na daraja halitetereki. Aliyejua kwamba mbao huoza, akautafutia uozo dawa kabla haujaanza, tunamwitaje mzembe? Msitu ulikuwa karibu. Chuma kilikuwa ghali, na kwa kimo kile mafundi walikuwa hawajakizoea.

Kisha kuna zile siku 86 baada ya moto. Daraja la chuma lililochukua nafasi ya lile la mbao lilifunguliwa 31 Julai 1875, na siku hizo hutajwa kama ushindi wa chuma. Mimi naziona kwa jicho jingine. Haraka ile yote ilitoka wapi, kama si kwa sababu daraja la mbao lilikuwa limekwisha kuthibitisha, kwa miaka 23, kwamba treni zinaweza kuvuka korongo lile na kwamba mizigo ya kuvushwa ipo? Mwaka 1852 hayo yote yalikuwa ni matumaini tu.

Ni kweli chuma kilidumu zaidi, hadi 2017. Ila nacho kilifanyiwa matengenezo makubwa, na mwishoni treni zililazimika kukivuka kwa kilomita 16 tu kwa saa, hadi daraja jipya lilipokamilika kando yake. Chuma kilichoka kwa umri. Mbao za Seymour ziliungua kabla hatujajua zingechoka lini.