Safu Nne za Daftari: Hofu ya Mzazi Anayemsomeshea Mwanawe Nyumbani

Katika nyumba moja ya Nyakato, jijini Mwanza, lipo kaunta buku lenye safu nne zilizopigwa kwa rula, kila safu ikibeba mwaka mmoja, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwenye daftari ni mama aliyemfundisha binti yake nyumbani tangu darasa la tano, baada ya maumivu ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, kumlaza mtoto huyo wiki nne katika muhula mmoja. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikubali jina la mtoto libaki kwenye rejista, na darasa la saba akalifanyia hapo. Sasa ni zamu ya sekondari. Katika daftari hilo, Kiswahili, Historia na Jiografia zimejazwa hadi mwaka wa nne, lakini penye Kemia ya mwaka wa tatu pameandikwa neno moja tu, "Nani?", likazungushiwa duara mara mbili.

Mama huyo halali vizuri, na walio karibu naye wameshampa tafsiri mbili za hali hiyo. Wifi yake anaona kwamba hofu ni dalili ya kuwa amekwenda kinyume na utaratibu, na dawa yake ni kumrudisha mtoto darasani kama watoto wengine. Rafiki yake, ambaye naye anasomesha watoto nyumbani, anaona kwamba hofu ni upungufu wa imani, kwa kuwa aliyeweza darasa la tano hadi la saba hawezi kushindwa na kidato cha kwanza. Tafsiri hizi zinapingana, ila zote mbili zinauchukulia wasiwasi wa mama kama udhaifu wa moyo. Mimi nimewafundisha Kemia watahiniwa wa kujitegemea, yaani wanaofanya mtihani wa taifa bila kuwa wanafunzi wa shule, kwa miaka kadhaa, na ninaona kwamba mama huyu ameisoma njia iliyo mbele yake kwa usahihi kuliko wanaomshauri.

Upande wa shule una hoja nzito, nami siupuuzi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeurefusha wajibu huo hadi miaka 10 ya masomo, yaani hadi mwisho wa kidato cha nne. Ukanda huu wa ziwa una sababu zake za kuhitaji ukali huo. Anayepita alfajiri kwenye mialo yetu huwaona watoto wa umri wa kidato cha kwanza wakianika dagaa au wakibeba ndoo, na serikali ikikubali kila anayesema "anasomea nyumbani", wasichana wengi watasomea jikoni na wavulana wengi watasomea mtumbwini. Tena shuleni mtoto hupata mwalimu wa kila somo, na wenzake wa kubishana nao.

Hata hivyo, hoja hizo zinamhusu mzazi asiyesomesha. Hazimgusi mzazi ambaye mtoto wake anasoma kweli, ila mwili wake haukubali kengele ya saa moja asubuhi, seuze baridi ya bweni. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za nchi zenye wagonjwa wengi wa selimundu, na anayehudhuria kliniki katika hospitali ya Bugando anawajua watoto wenye akili nyepesi ambao madaftari yao yana kurasa tupu za wiki nzima nzima. Wazazi wao hawakuikimbia shule kwa kuidharau.

Kinachomnyima usingizi mama wa Nyakato ni namba moja, nayo ni 30. Mwanafunzi wa shule anapofanya mtihani wa kidato cha nne, asilimia 30 ya alama zake hutokana na upimaji endelevu uliokusanywa shuleni, na asilimia 70 ndiyo hutokana na mtihani wenyewe. Mtahiniwa wa kujitegemea hana akiba hiyo, kwa hiyo mtihani wa mwisho unabeba asilimia 100. Tuchukue mtoto aliyepata wastani wa 80 katika kazi zake za miaka yote, kisha siku ya Kemia akaamka na homa na kuambulia 42. Akiwa mwanafunzi wa shule, 42 yake inampa alama 29.4, akiba inampa 24, jumla 53.4, ambayo ni daraja C. Akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, 42 inabaki 42, ambayo ni daraja D. Mtoto ni yuleyule na homa ni ileile. C ni ufaulu unaohesabiwa anapotafuta tahasusi, yaani mchepuo wa masomo, ya kidato cha tano, ambako huhitajika masomo matatu ya kiwango hicho, ilhali D humwacha nje ya mlango.

Namba hii imenikaa kichwani kwa muda mrefu, kwa sababu inampiga mtoto pale pale palipomtoa shuleni. Alibaki nyumbani kwa kuwa ugonjwa wake hauna ratiba, na njia ya nyumbani inamtaka awe mzima katika tarehe zilizopangwa na Baraza la Mitihani. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba na huchukua zaidi ya wiki mbili. Huku kwetu Novemba ni mvua, ubaridi wa asubuhi na mbu, na kwa mgonjwa wa selimundu baridi na malaria ni vitu vinavyoamsha maumivu. Zaidi ya hayo, mtoto ambaye hakupitia upimaji wa kidato cha pili shuleni hutakiwa kwanza kufaulu Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT, ndipo aruhusiwe kufanya wa kidato cha nne. Hizo ni Novemba mbili, na zote mbili zinataka awe na afya.

Haki inanitaka niseme kwamba hesabu ile ina upande wake wa pili. Mtoto aliyepata 50 kwenye mtihani, lakini akiba yake ikawa 30 kwa sababu majaribio mengi yalimkuta wodini, anapata 35 na kuongeza 9, jumla 44, ambayo ni D. Huyo angekuwa mtahiniwa wa kujitegemea angepata C. Maana yake ni kwamba asilimia 30 inamlinda mtoto mgonjwa pale tu shule inapokubali kumpa jaribio alilolikosa baada ya kutoka hospitali. Wifi anayesema "mpeleke shule tu" hajaliona hilo, na shule nyingi hazijaulizwa.

Kuhusu njia zenyewe, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inafundisha sekondari kwa njia huria na masafa, na ada yake inabebeka kwa familia nyingi. Mitihani ya Cambridge hufanyika Mei na Juni, kisha tena Oktoba na Novemba, mtoto anaweza kuyagawa masomo kati ya misimu hiyo, na katika sayansi kuna karatasi ya maandishi inayoweza kushika nafasi ya mtihani wa maabara. Kwa mtoto wa selimundu huo ni unafuu mkubwa. Lakini hulipiwa kwa kila somo, kwa kiwango ambacho mama wa Nyakato, anayeishi kwa cherehani, ameshakipiga hesabu na kukifunika, na baadaye Baraza la Mitihani hutakiwa kukilinganisha cheti hicho na cha hapa nchini.

Inabaki maabara, ambalo ndilo jibu la lile neno "Nani?". Kemia ya nadharia inafundishika mezani kwa kitabu na subira. Lakini kumwonyesha mtoto jinsi ya kushika bomba la bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo, kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukizungusha chupa, jicho likiwa usawa wa mstari, hadi tone moja ligeuze njano kuwa rangi ya chungwa, ni jambo ambalo halina badala jikoni. Wanafunzi wangu wengi hupitisha rangi hiyo mara nne au tano kabla mkono haujazoea kufunga kwa wakati. Hapo shule inashinda, na mzazi mwerevu hashindani nayo.

Kwa hiyo ninaegemea upande wa mama, lakini simuegemei ili abaki nyumbani kwa miaka yote minne. Ninaona anachohitaji ni shule ya kutwa iliyo karibu itakayomwandikisha binti, ipokee barua ya kliniki, impe majaribio aliyoyakosa, imwite maabara, na iziache siku za maumivu kwa mama na kaunta buku lake. Baraza la Mitihani tayari huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa kwa wasioona na wenye uoni hafifu, kwa hiyo wazo la kumfikishia mtoto mtihani kwa namna anayoiweza si geni nchini. Ikiwa sera inataka miaka 10 kwa kila mtoto, basi vituo vilivyosajiliwa vingeweza pia kuruhusiwa kukusanya alama endelevu za watoto ambao hospitali imethibitisha kwamba hawawezi kuhudhuria kila siku. Hofu ya udanganyifu ina msingi, ila inazuilika kwa majaribio yanayotungwa na kusahihishwa na walimu wa kituo, mzazi akiwa nje ya chumba.

Jumatatu iliyopita mama alikwenda na barua hiyo kwenye shule moja ya kutwa. Mkuu wa shule aliisoma yote, akauliza maswali mawili kuhusu dawa, akaomba apewe wiki mbili azungumze na walimu wake. Kwenye daftari, chini ya duara la "Nani?", sasa pameandikwa kwa penseli, "Jumamosi, maabara, saa tatu", na pembeni pameachwa nafasi ya jina la mwalimu.