Foleni Nayo Ni Bei

Anayehoji gharama za huduma ya afya inayoendeshwa na serikali huonekana mara moja kuwa mtu asiyewajali maskini. Naona anaonewa. Hasemi kwamba asiye na fedha aachwe afe. Anauliza nani analipa, na kwa nini sehemu kubwa ya malipo hayo haimo kwenye hesabu zinazosomwa bungeni.

Wanaoitetea huduma hiyo wana hoja nzito. Marekani, ambako bima binafsi zina nguvu, hutumia takriban asilimia 17 ya pato la taifa kwa afya. Uingereza, kama 11. Hata hivyo mamilioni ya Wamarekani hawana bima kabisa, ilhali Mwingereza halazimiki kuuza nyumba ili apasuliwe moyo. Hilo ni jema kubwa na halipaswi kubezwa.

Lakini ukiondoa bei mlangoni, gharama haiondoki. NHS, huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, ilipofungua milango tarehe 5 Julai 1948, waliotaka miwani na meno ya bandia walizidi makadirio, na haikupita miaka mitatu kabla ya serikali ileile iliyoianzisha kuamua kuvitoza ada. Aneurin Bevan, mwasisi wake, alijiuzulu uwaziri Aprili 1951 kwa kupinga uamuzi huo. Mahitaji ya wagonjwa hayana kikomo, bajeti inacho, na katikati yake ndipo foleni inapozaliwa.

Foleni hiyo ndiyo inayonisumbua. Septemba 2023 orodha ya kusubiri matibabu ya hospitali nchini England ilifikia takriban kesi milioni 7.8. Ni kesi, si vichwa, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kusubiri matibabu mawili. Lakini hata watu wenyewe walizidi milioni 6. Lengo rasmi ni kwamba asilimia 92 ya walio kwenye orodha wawe wamesubiri chini ya wiki 18. Mara ya mwisho lilifikiwa mwaka 2016, miaka minne kabla ya Uviko. Janga lilikuza tatizo, halikulizaa.

Sasa mfikirie mgonjwa mmoja tu wa nyonga anayesubiri miezi kumi. Kazi ya kusimama haiwezi tena. Misuli inanywea, dawa za maumivu zinageuka chakula cha kila siku, na binti yake anapunguza saa za kazi ili amhudumie. Mshahara uliopotea wa wote wawili hauingii kwenye ile asilimia 11. Tukiilinganisha na 17 ya Marekani kana kwamba zote mbili zimekamilika, tunamwambia mgonjwa huyu kwamba alichotoa si kitu.

Kanada suala hili lilifika Mahakama ya Juu. Jimbo la Quebec lilikuwa limekataza bima binafsi kwa matibabu yanayogharimiwa na umma, na mwaka 2005 majaji wanne dhidi ya watatu walilibatilisha katazo hilo. Jaji Mkuu Beverley McLachlin na Jaji Major waliandika kwamba kupata nafasi kwenye orodha ya kusubiri si kupata matibabu.

Kuna ubaya mwingine, na huu unanitisha zaidi: mtoa huduma, mlipaji na mkaguzi kuwa mtu yuleyule. Mwaka 2014 ilibainika kwamba hospitali ya serikali ya maveterani, yaani askari wa zamani, huko Phoenix, Marekani, ilificha majina ya wagonjwa kwenye orodha za siri ili takwimu zionyeshe kwamba watu hawakawii kumwona daktari. Waziri wa masuala ya maveterani, Eric Shinseki, alijiuzulu. Walioumia ni wale waliokuwa wamelitumikia taifa kwa miili yao.

Serikali kugharimia tiba ni jambo moja, kuiendesha ni jingine. Ujerumani na Uholanzi sheria inamtaka kila mkazi awe na bima, wasio na uwezo husaidiwa, na mgonjwa ana nafasi ya kuchagua hospitali. Si njia ya bei rahisi. Ujerumani hutumia sehemu kubwa zaidi ya pato lake kuliko Uingereza. Ila Mjerumani anayaona makato hayo kwenye hati ya mshahara kila mwezi, na anaweza kuyakubali au kuyakataa kwenye sanduku la kura. Miezi kumi ya yule mgonjwa wa nyonga hakuna aliyeipigia kura.