Kocha aliyekalia kuti kavu hapewi mtoto wa kumlea

Novemba 28, 2024, Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani, pilau ya dada yangu ilikaa mezani imefunikwa mpaka ikapoa. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Chicago Bears, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, walikuwa Detroit wakicheza na Lions, wametoka nyuma 16–0 wakati wa mapumziko, sasa ni 23–20 na mpira wanao wao. Zimebaki sekunde thelathini na ushei. Walihitaji kusogea yadi chache tu ili mpigaji wao apige goli la pointi 3 na kusawazisha. Caleb Williams, kwotabeki wa mwaka wa kwanza, alikuwa ametoka kuangushwa na mpira mkononi, na saa ilikuwa inatembea. Kocha mkuu Matt Eberflus alikuwa na taimauti moja, yaani nafasi moja ya kusimamisha saa.

Sebule nzima, tuliozaliwa Tanga na waliozaliwa hapa hapa Chicago, tulikuwa tumesimama: "Simamisha saa! Simamisha!" Hakusimamisha. Wachezaji walipojipanga tena zilibaki sekunde 6. Williams akarusha mpira mrefu, ukadondoka chini, mechi ikaisha. Taimauti ikabaki mfukoni mwa kocha kama nauli ya mtu aliyeamua kurudi nyumbani kwa miguu.

Ugomvi ulioanza hapo haujaisha mpaka leo. Shemeji yangu, mume wa dada, alisema kocha huyo hafai hata kushika filimbi ya mchezo wa watoto. Mwanawe wa miaka kumi na saba akasema, "Mjomba, lakini mchezaji yeyote uwanjani anaweza kuomba taimauti. Caleb alikuwa anangoja nini?" Shemeji akamwambia anyamaze, wakubwa wanaongea. Kijana alikuwa na hoja, kusema kweli.

Kwa msomaji aliyezoea soka yetu, kwotabeki si namba kumi wala nahodha tu. Karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwake, na ndani ya kofia yake kuna redio. Kocha anamwambia sikioni shambulizi lipi lichezwe, na mawasiliano hukatwa saa ya kuanzisha mpira inapofika sekunde 15. Kuanzia hapo yuko peke yake. Kwa hiyo mashabiki wanapogombana kama kosa ni la kocha au la kwotabeki, wanajaribu kutenganisha sauti na sikio. Wengine wanatoka jasho kabisa kwa kazi hiyo. Mimi naona kosa la Bears lilifanyika miezi mingi kabla ya Detroit, ofisini, watu wakiwa wamevaa suti.

Tazama mtiririko wenyewe. Mwaka 2017 Bears walitoa nafasi zao kadhaa za drafti, pale timu zinapochagua wachezaji chipukizi kwa zamu, ili kupanda kutoka nafasi ya tatu hadi ya pili tu, wakamchukua Mitchell Trubisky. Patrick Mahomes alikuwapo bado, akachukuliwa wa kumi na Kansas City. Hilo kila mtu analilia, nami nimelilia vya kutosha. Lisilosemwa sana ni kwamba Trubisky alikabidhiwa kwa John Fox, kocha ambaye kibarua chake kilikuwa tayari kinaota nyasi, na msimu ulipoisha akafungashiwa virago. Akaja Matt Nagy na somo jipya. Mwaka wa kwanza wa Nagy ulikuwa mtamu, mechi 12 za ushindi, mpaka Januari 2019 mpira wa mpigaji wao Cody Parkey ulipogonga mlingoti, ukagonga mtambaa panya, ukarudi uwanjani, Eagles wa Philadelphia wakapita kwa 16–15. Baada ya hapo ni mteremko.

Mwaka 2021, Nagy naye akiwa amekalia kuti kavu, Bears wakapanda tena kwenye drafti wakamchukua Justin Fields. Mechi yake ya kwanza kuanza, kule Cleveland, aliangushwa mara 9 na timu nzima ikaambulia yadi 1 ya pasi baada ya hesabu ya hasara. Yadi moja! Januari iliyofuata Nagy akaondoka. Akaja Eberflus, mtu wa ulinzi, na Fields akaanza darasa upya.

Halafu Januari 2024. Bears wana chaguo la kwanza la drafti nzima, waliloletewa na Carolina kwenye biashara ya mwaka uliotangulia. Eberflus ameshinda mechi 3 msimu wake wa kwanza na 7 wa pili. Meneja mkuu Ryan Poles alikuwa na njia mbili za heshima: amwondoe kocha na kutafuta mtu wa kukua pamoja na kijana mpya, au ambakize na kumuunga mkono kweli kweli. Akambakiza, akamfukuza msaidizi wake wa mashambulizi, Luke Getsy, akamleta Shane Waldron. Mvuvi yule yule, kapewa mtumbwi mwingine.

Nisimwonee Eberflus. Ulinzi wake mwishoni mwa 2023 ulikuwa mkali, wachezaji walimpigania, na sauti zilizosema apewe mwaka mmoja hazikuwa za wajinga. Nilikuwa mmoja wao kwa muda. Lakini kumpa mtu mwaka mmoja ni tofauti na kumpa mwaka mmoja pamoja na mtoto wa watu. Kocha anayehesabu mechi za kumfukuzisha kazi hawezi kufundisha kwa utulivu, maana kila Jumapili ni kesi yake mwenyewe mahakamani.

Msimu ulianza kwa ushindi 4 katika mechi 6. Kisha Oktoba 27 kule Washington, Bears wakiongoza, sekunde ya mwisho, kwotabeki wa wenyeji Jayden Daniels akarusha ule mpira wa kubahatisha wa yadi 52, ukaguswa na kundi la watu, ukamwangukia mwenzake Noah Brown. Beki wa Bears Tyrique Stevenson alikuwa ametoka kuwatania mashabiki jukwaani wakati mchezo unaanza. Kuanzia hapo timu ililala mechi 10 mfululizo. Patriots, waliokuwa hoi, walikuja Chicago wakamwangusha Williams mara 9. Novemba 12 Waldron akafukuzwa. Nafasi yake akapewa Thomas Brown, aliyekuwa mratibu wa pasi, na siku 17 baadaye, Ijumaa ya kiporo cha pilau, Eberflus alizungumza na waandishi asubuhi kana kwamba yupo yupo, saa chache baadaye akatimuliwa. Timu iliyoanzishwa 1920 haikuwahi kumfukuza kocha mkuu katikati ya msimu. Brown akawa kocha wa muda. Vyeo vitatu ndani ya mwezi mmoja.

Hesabu tuipige vizuri. Kijana wa mwaka wa kwanza kasikiliza sauti tofauti kwenye kofia yake kabla ya Krismasi, na hadi msimu unaisha ameangushwa mara 68. Mashabiki wakadai anang'ang'ania mpira. Ni kweli, anang'ang'ania. Wengine wakadai ukuta wa mbele, wale wanaomlinda, ni uzio wa makuti. Nao ni kweli. Lakini hata mwenye kipaji cha kuona uwanja wote atasitasita akiwa hajui kesho atafundishwa na nani.

Kwetu Tanzania tumezoea. Kocha wa Simba au Yanga anaweza kushuka Novemba na kupanda ndege kabla ya mvua za masika, na straika akaendelea kufunga tu, goli ni lile lile. Kwotabeki hana bahati hiyo. Kila kocha huja na daftari lake na msamiati wake, shambulizi lile lile kwa huyu lina jina hili, kwa yule lina jina jingine refu kama shairi. Kubadilisha kocha ni kumwambia kijana asahau lugha aliyoanza kuota nayo.

Kuhusu Fields nina deni la kusema. Nilimtetea mno, niligombana na watu kanisani kwa ajili yake. Mwaka 2022 alikimbia yadi 1,143, nikasema nani ana kitu kama hiki? Bears wakamuuza Pittsburgh, huko akawekwa benchi. Akaenda Jets, nako akawekwa benchi. Shemeji hunikumbusha hilo kila tukikutana, na sina jibu la kumnyamazisha. Pengine hakuwa yeye. Pengine alikuwa yeye, wakamvunja akiwa bado mbichi. Kinachoniuma ni kwamba Bears walijinyima hata nafasi ya kujua.

Januari 2025 wakamchukua Ben Johnson, aliyekuwa akiongoza mashambulizi ya hao hao Detroit. Mtu wa mashambulizi, mwenye mkataba mpya, asiye na kesi ya zamani, akakabidhiwa Williams na kuambiwa mlee. Wakaimarisha na ukuta wa mbele. Msimu wa 2025 walimaliza na ushindi 11 na ubingwa wa kundi la kaskazini. Aliyeamua ni Poles yule yule aliyembakiza Eberflus, nami nampa haki yake, ingawa nampa kwa mkono wa kushoto.

Novemba 28, 2025, mwaka mmoja kamili tangu ile Alhamisi, ilikuwa Ijumaa, na Bears walikuwa Philadelphia. Walishinda 24–15. Tulikuwa tunakula kiporo, moto safari hii. Bears walipoomba taimauti, mpwa wangu alinyoosha kidole kwenye televisheni, akamgeukia baba yake: "Kumbe inaombwaga?" Shemeji aliongeza kachumbari, hakujibu.