Gorila wa Newala

Mjomba alipolipwa hela za korosho, wenzake walinunua bati na pikipiki. Yeye akatangaza anakwenda Uganda kutazama gorila. Mkaza mjomba akadhani ni uraka, ile pombe ya mabibo, unaongea. Kumbe mzee alishapiga hesabu, ila alipiga ya Rwanda, ambako tangu 2017 mgeni anatozwa dola 1,500 kwa kibali kimoja, na ndiyo maana usingizi ulimpaa. Nikamtuliza: Uganda, kwa viwango vilivyoanza Julai 2024, mgeni wa ng'ambo analipa dola 800, lakini raia wa Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 za Uganda, yaani laki mbili na ushee za kwetu. Sharti athibitishe uraia wake, na jina la kwenye kibali liwe lile la kwenye pasipoti, si lile analoitwa mnadani.

Kibali ndicho kinachotangulia, halafu ndipo nauli na malazi. Kila familia ya gorila hupokea wageni 8 tu kwa siku, na miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, nafasi hugombaniwa. Msitu wa Bwindi, wanakoishi hao gorila wa Uganda, una sehemu nne za kuanzia: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na kibali hutaja mojawapo. Chetu kilisema Rushaga. Mkaza mjomba alikuwa tayari na simu mkononi kulipia chumba Buhoma, kisa ameona picha ya kitanda chenye chandarua cha harusi. Kwenye ramani ni msitu mmoja. Kwa gari unauzunguka kwa saa kadhaa za kona na matope, na asubuhi kundi halikungoji.

Njia haikutusumbua: basi hadi Dar, Dar hadi Bukoba, unavuka Mutukula, kisha Masaka, Mbarara na Kabale. Shemeji alishupalia Rusumo na Kigali. Inawezekana, ila Rwanda saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima, na ukiingia Uganda alfajiri unanyang'anywa hiyo saa siku ileile ya kibali. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla, maana kabla ya hapo kadi haihesabiwi. Mtoto wa dada jina lilikatwa, hajafika miaka 15. Alinuna wiki.

Tatizo ni kwamba Mjomba hanunui kitu bila kuonja. Akadai mazoezi.

Tukaenda shambani kwake, karibu na Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Mteremko ule unafaa sana, kwani Bwindi ni kupanda na kushuka kwenye utelezi, na hujui utatembea saa moja au siku nzima. Gorila hawana miadi. Mimi nilipewa uaskari wa hifadhi. Nikawapanga: mabuti, suruali imechomekwa ndani ya soksi ndefu kwa ajili ya siafu, glavu nene kwa ajili ya majani yanayowasha, koti la mvua, maji lita 2 kila mmoja. Mjomba akaja na jembe. Alikuwa amesoma kwamba ukibanwa na haja msituni lazima lichimbwe shimo la sentimita 30, na hakutaka kumtegemea mtu.

Shemeji ndiye aliyekuwa gorila. Dume kamili hufika kilo 180 na zaidi; shemeji hata umbebeshe gunia la korosho hafiki. Lakini alijituma. Alijifunga kaniki mbili, akajipaka masizi usoni, na kwa ajili ya ule mgongo wenye mvi akamwagiwa unga wa muhogo. Akajificha nyuma ya mkorosho akitafuna majani.

Nikapima kwa kamba: sheria ya siku nyingi ni mita 7, na tangu Uviko wameisogeza hadi 10, pamoja na barakoa, kwa sababu mafua yetu yanawaua. Mwenye kikohozi haruhusiwi kuingia kabisa. Nilikuwa bado naeleza hilo Mjomba akashusha barakoa, akavuta ugoro, akapiga chafya iliyopeperusha njiwa.

"Umeondolewa," nikamwambia. "Mgonjwa wewe."

"Mgonjwa? Huu ni ugoro!"

"Kawaeleze gorila."

Tukaendelea na somo la mwisho, ambalo ndilo kubwa: dume likikurukia, usikimbie. Chuchumaa, inamisha kichwa, usilitazame machoni. Shemeji akaunguruma, akajipiga kifua, unga ukatimka.

Wakati huohuo bibi mmoja alikuwa anakatiza shambani na ndoo ya mabibo kichwani. Aliona kitu cheusi chenye mgongo mweupe kinanguruma, na mwanamume mwenye barakoa na jembe amesimama mbele yake. Ndoo ikaenda upande wake, bibi upande wake, akipiga yowe kwamba lipiko, lile zimwi la kinyago la ngoma za Wamakonde, limetoka bila ngoma na kuna watu wanamchimbia mtu kaburi.

Vijana walifika na marungu haraka kuliko walivyowahi kufika kwenye mkutano wowote wa kijiji. Mjomba alikuwa wa kwanza kutimua mbio, jembe begani. Mkaza mjomba akampita. Aliyebaki amechuchumaa, kichwa chini, hamtazami mtu machoni, alikuwa gorila mwenyewe. Vijana walimzunguka, wakasita, wakashusha marungu. Sheria inafanya kazi.

Mwenyekiti wa kitongoji alisikiliza maelezo yote, akakikagua kibali mbele na nyuma, akauliza bei, na aliposikia laki mbili na ushee akauliza kwa sauti ya chini kama nafasi zimebaki. Mjomba akaamriwa kulipa ndoo ya mabibo.

Bibi alihesabu hela zake, akazifunga kwenye pindo la kanga, akamgeukia Mjomba.

"Na hao wa Uganda wakikukurupusha ukamwaga vitu vyako, wanalipa?"

Mjomba akanitazama mimi. Nikakifungua tena kibali.