Mwanzi, Simu na Mama Mkwe

Yote yalianza na bundi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu anayekaa Likasi, alimpiga picha bundi juu ya paa lake, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kila mtu akamsifu, hata mama mkwe, ambaye mimi hajanisifu tangu nilipomaliza mahari. Nikaiweka moyoni.

Jumamosi moja ya Septemba, hapa kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, ndege wakaanza kelele kwenye mwembe wa uani. Nikatazama juu. Nyoka! Mwembamba, zaidi ya mita moja, kijani kama jani la mhogo. Nusu ya mwili wake ilikuwa hewani, imetulia kama kitawi, na jicho lake lilikuwa kubwa, la duara, kama la mtoto anayesubiri soda. Kwa kawaida Katuba nyoka hukutana na jembe kwanza, maswali baadaye. Mimi nikakimbilia simu.

Kutoka chini picha zilikataa. Nilipovuta karibu, kila kitu kikawa sombe, majani ya mhogo yaliyotwangwa. Hapo ndipo akili ikaniletea mwanzi wa kuangulia maembe. Nikaifunga simu kwenye ncha kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikawasha video, nikaunyanyua polepole kuelekea kwa mwenyewe.

“Papa Mireille, acha iyo njoka!” mke wangu akaita kutoka mlango wa jikoni. “Unataka nikuwe mujane juu ya foto?”

Nyoka hakujali. Alikuwa akinitazama, nadhani hata alipendezwa. Tulikuwa tunaelewana vizuri kabisa mpaka mama mkwe alipopiga.

Mlio wa simu yangu ni kwaya, sauti mpaka mwisho, na mtikisiko juu. Shingo ya nyoka ikavimba kama puto, ngozi ikaonekana katikati ya magamba. Kisha akafanya ambalo hata mimi ningelifanya: akatafuta njia ya kuondoka. Njia iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa mwanzi wangu.

Sasa nielewe, msomaji. Simu ile ni ya dola 120, nimelipa 70. Nikiachia mwanzi, dola 50 ambazo bado si zangu zinapasuka kwenye sementi. Nikiushika, nyoka anafika. Mwanzi una vifundo, nikaanza kuvihesabu. Kati ya kichwa chake na vidole vyangu vilibaki saba. Sita. Kwaya ikanyamaza; mama mkwe akapiga tena. Vitano. Nikajaribu kuulaza mwanzi taratibu, yeye akaongeza mwendo. Vinne. Kwenye cha tatu nikaitupa mali ya watu upande wa banda la kuku.

Kuku wakaruka. Nyoka akapanda ukuta kama uzi unaovutwa na sindano, akapotelea kwenye mti wa avoka wa jirani.

“Ni nini ile?” mzee jirani akauliza kutoka ng’ambo.

“Hakuna kitu, muzee.”

Mke wangu ndiye aliyekwenda kumwambia ukweli.

Simu ilikuwa imeangukia pumba za kuku. Imepata ufa pembeni tu. Nikampigia shemeji, nikamweleza nyoka alivyo.

“Jicho kubwa? Kichwa kifupi? Shingo ilivimba? Shemeki, uyo njo boomslang!”

Jina hilo ni la Afrika Kusini, maana yake nyoka wa mti tu. Akanieleza kwamba meno yake ya sumu yako nyuma mdomoni, ndiyo sababu watu wengi walimdharau zamani. Sumu yake huzuia damu isigande, na haina haraka: unaweza kula bukari yako saa hizi, fizi zikaanza kutoka damu baadaye. Mwaka 1957, kule Chicago, bingwa wa nyoka Karl Schmidt aliumwa kidole gumba na mtoto wa nyoka kama huyo. Akakaa anaandika dalili zake mwenyewe. Kesho yake akafa. Yeye alikuwa na kalamu. Mimi nilikuwa na mwanzi.

“Lakini ni mwoga,” shemeji akaongeza. “Anauma zaidi wanaojaribu kumushika. Weye ulikuwa unamushika?”

“Hapana. Nilikuwa namshikia ngazi.”

Nikatafuta video. Binti yangu Mireille, miaka tisa, alikuwa ameshaituma kwenye kundi.

Kumbe mpira ulijizungusha, na simu ikageuka chini. Dakika nne nzima ni kipara changu, mdomo wazi, ulimi nje kila ninaposogeza mwanzi. Kwaya inaanza, macho yananitoka. Unaona kabisa midomo yangu inavyohesabu: saba, sita. Mwishoni mkia wa kijani unapita sekunde moja, kisha kuku.

Shemeji akaandika: “Nyoka iko wapi?” Binamu wakajaza vicheko. Mama mkwe hakucheka. Alituma ujumbe wa sauti wa sekunde tatu:

“Kumbe ulisikia naita.”