Hakuwa mkaidi, dozi ndiyo iliyomzidi

Wiki hii nimemsikia mtaalamu mmoja redioni akieleza kwamba wengi walioacha ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, miaka ya nyuma waliponzwa na ukaidi na imani potofu. Maneno hayo yameniuma, kwa sababu shangazi yangu alikuwa mmoja wa hao wanaoitwa wakaidi.

Alimeza kidonge chenye efavirenzi, mojawapo ya ARV hizo, kila usiku kabla ya kulala, kama alivyoelekezwa. Alfajiri alitoka chumbani akishika ukuta kwa kizunguzungu, na ndoto zilimtisha hata akawa anaogopa jua likizama. Kila aliporudi kliniki alijibiwa kwamba atazoea. Hakuzoea, aliacha dawa, na kwenye faili akaandikwa mtoro.

Efavirenzi huvunjwa ndani ya ini na kimeng'enya kinachotokana na jeni ya CYP2B6. Mtu aliyerithi aina dhaifu ya jeni hiyo kwa baba na kwa mama huiondoa dawa polepole mno, hivyo anapomeza kidonge cha leo sehemu kubwa ya kile cha jana bado imo mwilini, na kiwango chake katika damu hupanda hadi kuisumbua akili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliikuta hali hiyo kwa asilimia 20 ya Wamarekani weusi waliochunguzwa, na kwa asilimia 3 tu ya weupe. Mwaka huohuo Tanzania ilianza kutoa ARV bure kwa mpango wa kitaifa, na dozi ya kawaida ya efavirenzi kwa mtu mzima ilikuwa miligramu 600, awe ni mwepesi wa kuiondoa au mzito. Ilipita miaka kumi ndipo utafiti wa ENCORE1, uliolinganisha dozi hiyo na ndogo yake, ukathibitisha kwamba miligramu 400 zinatosha kuvidhibiti virusi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba dawa hiyo iliokoa watu wengi mno, na kwamba kupima jeni za kila mgonjwa kusingewezekana katika zahanati zetu. Lakini kuyapokea malalamiko ya mgonjwa kama dalili, na kumbadilishia dawa mapema, hakukuhitaji maabara ya jeni.

Wapo watakaosema hayo yamepita kwa kuwa sasa tunatumia dolutegraviri, ARV mpya zaidi. Hayajapita. Kodeini, dawa ya maumivu, hugeuka mofini, dawa kali zaidi, kwa kasi ya hatari katika miili ya baadhi ya watu, na primakwini, dawa ya malaria, huweza kupasua chembe nyekundu za damu za wenye upungufu wa kurithi wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo, ambao si haba katika nchi zenye malaria.

Ninachodai ni kwamba mgonjwa anayesema dawa inamtesa ajaziwe siku hiyohiyo fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, na kwamba kabla ya dawa mpya kusajiliwa, mtengenezaji aulizwe imejaribiwa kwa Waafrika wangapi, wa maeneo gani, na jibu lake litangazwe.